Taa za Kilio cha Nkambo Albertine

Ukoo wa Kitenge haukuokotwa njiani. Kitenge wa kwanza alishuka kutoka Kabongo akiwa na mke mmoja, mbuzi watatu na neno lisilopinda, naye ndiye aliyewaonyesha mapadre wa mwanzo mahali pa kuchimba kisima hapa Kamina. Mwanawe Nicodème alikuwa katekista kwa miaka thelathini na mmoja. Kitabu chake cha ubatizo kipo hadi leo, na ndani yake hutakuta neno hata moja lililofutwa. Mwana wa Nicodème, Émile, alikuwa mtu wa taa za reli. Kila jioni alijaza mafuta katika taa za ishara, toka stesheni hadi darajani, akastaafu bila kupeleka nyumbani kwake hata kikombe kimoja cha mafuta hayo. Hao ndio watu. Barazani kwa chifu waliitwa ili kuamua kesi za wengine, si kujibu zao.

Kutoka kiunoni mwa Émile alizaliwa Amédée, na habari hii ni yake. Ofisini, kama ilivyokuwa amri ya miaka ile ya Zaire, aliandikwa Citoyen, yaani Raia, Kitenge Mwenze. Jina la ubatizo lilibaki la nyumbani, la kanisani, na la midomo ya mchumba wake Léa.

Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza, mwaka wa themanini na tisa, mvua ilipoachia kidogo, Amédée alikuwa amekaa katika chumba chake cha kupimia damu nyuma ya dispensari ya misheni. Mkono mmoja ulikuwa juu ya hadubini, mwingine mfukoni, umeshika barua ambayo tangu Jumatano hakumwonyesha mtu. Kesho yake, baada ya misa, wazee wake walikuwa waende kwa Tata Jean-Baptiste Ngoie, baba yake Léa, kumwomba binti huyo kwa mara ya mwisho. Mbuzi alikuwa amefungwa, vikwembe vimekunjwa, kibuyu cha pombe kimezibwa. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa moyo wa bwana harusi.

"Odi, Monsieur wa damu!"

Léa alisimama mlangoni na kikapu cha samaki wakavu wa Kinkondja, matone ya mvua yakimng'aa kwenye nyusi. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mwembamba, mwenye sauti ya kunyamazisha watoto hamsini bila kupiga meza.

"Karibu, Mademoiselle wa chaki."

"Siku tatu hauonekane. Weye unanijificha?"

"Kazi ilikuwa nyingi, Léa."

"Kazi! Kesho bazee banakuja kuninunua kama muhogo, na weye unasema kazi." Akatua kikapu, akajifuta uso kwa pembe ya kikwembe. "Haya, unitazame basi. Nione kama ungali unanitaka."

Amédée akainua macho. Macho yao yalipokutana, alihisi jambo lile lile alilolihisi siku ya kwanza, kana kwamba mtu amefungua dirisha katika nyumba iliyofungwa mwaka mzima. Léa alikuwa na namna ya kutazama kwa utulivu, bila kupepesa, kama anayesoma mstari hadi nukta yake. Zamani kutazamwa hivyo kulimfurahisha. Sasa kulimchoma. Akarudisha macho yake juu ya meza.

"Eh," Léa akasema taratibu. "Iko kitu. Na mu mfuko iko nini? Barua ya mwanamuke?"

Kabla hajajibu, ile barua ilikuwa mkononi mwa Léa. Ilitoka kwa Profesa Mputu wa Lubumbashi, mkuu wa kazi ya damu aliyotumwa Amédée. Léa akaipitia haraka, na uso wake ukafunguka kama asubuhi.

"Ubelgiji! Miaka miwili ya masomo! Amédée, na ulinyamaza?" Akapiga makofi mara moja, akajiziba mdomo. "'Kwa uaminifu wako katika kazi.' Njo vile anaandika! Tata atalia. Hata ule Sajini Bokungu wa Baze ya basoda, mwenye kuniahidia mabati nimukubali, atalia, lakini kwa sababu ingine."

"Soma nyuma," Amédée akasema.

Léa akageuza karatasi, na furaha ikaanza kumtoka usoni kidogo kidogo.

Ili msomaji aelewe kilichoandikwa nyuma ya barua ile, sharti ajue kazi yenyewe. Miaka ile wataalamu wa nchi za mbali walikuwa wamegundua protini inayofunika ngozi ya kijidudu cha malaria pale mbu anapokiingiza mwilini. Walitaka kuitengeneza protini hiyo peke yake, bila kijidudu, iwe chanjo. Lakini kwanza walihitaji kujua jambo moja: je, wazee waliozeeka katikati ya mbu, wakaugua na kupona maisha yao yote, damu yao inaitambua protini ile? Kwa hiyo Profesa Mputu akamtuma Amédée achukue damu ya wazee wa vijiji vya Kamina, aitenge, na maji yake ya juu ayahifadhi kwenye barafu.

Haikuwa rahisi. Wazee walikumbuka habari za mutumbula, yule anayesemekana kukamata watu na kupeleka damu yao kwa Wazungu. Nyumba thelathini na mbili, na katika kila moja Amédée angefukuzwa, kama si Léa kutangulia mbele akisema kwa Kiluba, "Minyi namujua. Minyi nasimama kwa ajili yake." Wa kwanza kukubali bila kubembelezwa alikuwa bibi yake Léa mwenyewe, Nkambo Albertine, mama mzazi wa Tata Ngoie, mwanamke aliyezaa tisa na kuzika watano kwa homa.

Amédée alimweleza Nkambo kwamba protini ile ni kama koti la mwizi. Mwili wa mtoto ukifundishwa kulijua koti, utamkamata mwizi mlangoni kabla hajaingia chumbani.

"Na kama mwizi anavua koti?" Nkambo akauliza.

Profesa Mputu, aliposimuliwa swali hilo, alicheka hadi akavua miwani, akasema kwamba wataalamu wanakosa usingizi kwa sababu yake.

Nkambo akanyoosha mkono. "Minyi sijapita Bukama tangu kuzaliwa. Acha damu yangu iende mbali kwa niaba yangu." Wiki tatu baadaye, mwezi wa kumi, kifua kilimchukua. Wakati huo kichupa chake, nambari kumi na tisa, kilikuwa bado kwenye jokofu la dispensari, lile linalowaka kwa mafuta ya taa, kikingoja pamoja na vingine sitini na saba gari-moshi la kwenda Lubumbashi.

Sasa Léa alisoma kwa sauti, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili kipande kwa kipande, kama afanyavyo darasani. "'Wazee wa Kamina karibu wote... damu yao haiitambue ile protini. Huenda protini hii si ya kukinga bantu, mukubwa ao mutoto. Mwisho wa mwezi nitabaandikia bale benye kutengeneza chanjo...'" Akarudisha macho juu ya karatasi. "Na nambari kumi na tisa?"

"Iko katika orodha, hapo chini."

Kidole cha Léa kikashuka juu ya orodha, kikasimama. Sifuri.

"Hata Nkambo?" Sauti yake ikawa ndogo. "Miaka yote ile ya homa? Batoto batano mu udongo, na damu yake haikujifunza kitu?" Machozi yakamjaa. "Nilimuambia itasaidia batoto. Alikufa anajisifu, Amédée. Alisema kwa bajirani, damu yangu iko mu safari. Kumbe ilikuwa maji tu."

Hapo Amédée angeweza kunyamaza. Ubelgiji ulikuwa mezani, harusi ilikuwa kesho, na hakuna mtu duniani aliyejua. Ilimtosha kumfuta machozi na kusema, ndiyo, elimu ina matokeo yake. Lakini kumwona analia kwa kumdhania marehemu kuwa bure, wakati aliyekuwa bure amesimama mbele yake na blauzi nyeupe ya maabara, jambo hilo lilimshinda.

"Usimulilie hivyo," akasema. "Damu ya Nkambo haikuwa maji. Niliiharibu mimi."

Léa akainua uso.

"Unakumbuka kilio chake? Siku zile mafuta ya taa hayakuonekana mji mzima. Baba yako alikuwa anatafuta hata ya kibatari kimoja, na watu wanakuja toka Kabongo. Mimi nilikuwa na dumu moja hapa, la jokofu hili. Nilijua behewa la mafuta linafika Jumamosi. Nikasema, jokofu litavumilia siku moja. Nikachukua dumu lote."

"Zile taa," Léa akanong'ona.

"Behewa lilifika Jumanne. Siku nne, na joto la mwezi wa kumi. Nilipofungua mlango, vichupa vyote vilikuwa vimeyeyuka. Vingine vilikuwa na ukungu, vingine vinanuka. Nikawasha tena moto, vikaganda, vikapendeza kama mwanzo. Nikachukua daftari la baridi, nikajaza siku zote nne kwa wino: baridi sawa, baridi sawa. Nikavipeleka."

Léa alikaa juu ya kiti cha wagonjwa, mikono juu ya magoti.

"Nilimufunga Nkambo macho kwa mwangaza wa zile taa," akasema mwishowe. "Na Tata alisimama mbele ya kilio, akasema: tazameni, munamuita mutumbula, ni mutumbula gani analeta mwangaza kwa maiti? Njo ile siku alikukubali. Kwa zile taa."

"Najua."

"Unajua! Miezi mitatu unajua! Unakula kwetu, unaimba na Tata, unajua!" Sauti ile ya darasani ikapanda, ikatetemesha vioo mezani. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Niliogopa kukukosa."

"Basi ulinishika vile mwizi anashika kitu cha bantu. Kwa kunificha ukweli." Akapangusa macho kwa hasira. "Na ile protini? Bataitupa sasa, kwa sababu ya mafuta ya kilio chetu?"

"Huenda ni nzuri. Huenda haifai kweli. Huo ndio ubaya wenyewe, Léa: kabla yangu watu walikuwa hawajui, lakini walikuwa wanatafuta. Sasa wataamini kwamba wanajua."

Mtu wa reli aliyejaza taa za ishara miaka ishirini na sita alimjia Amédée mawazoni, akinawa mikono kwa majivu kila jioni ili hata harufu ya mafuta isiingie nyumbani. Baba yake hakuwahi kumkanya juu ya mafuta ya watu. Hakudhani mtoto wake angehitaji kukanywa.

Léa akasimama, akainua kikapu chake.

"Kesho, kabla Tata hajagusa kibuyu, utasema. Weye mwenyewe, kwa kinywa chako."

"Bwana harusi hasemi siku hiyo. Unajua desturi."

"Na mafuta ya wagonjwa, desturi inasema yapelekwe ku kilio?" Alikuwa amefika mlangoni. "Kama hautasema, batauliza kama ninakutaka, na nitajibu hapana. Sitabaambia sababu. Watafikiri ni mimi mubaya, na weye utaenda Ubelgiji na jina zuri."

Alipoondoka, Amédée hakukaa. Akamwandikia Profesa Mputu ukurasa mmoja na nusu, bila kujitetea, akataja siku, saa, idadi ya vichupa na mistari minne ya uongo katika daftari la baridi. Alitembea kwa matope hadi stesheni, akamkabidhi kondakta wa gari la Lubumbashi barua ile mkononi. Gari lilipoondoka alibaki akilitazama. Alijua kwamba limebeba Ubelgiji wake, na kwamba hata akikimbia hatalishika.

Jumapili, uani kwa Tata Ngoie, viti vilipangwa pande mbili. Msemaji wa ukoo wa Kitenge alikuwa baba mdogo Malachie, mtu wa sauti ya kengele. Amédée aliketi nyuma yake, kichwa chini, kama inavyompasa anayeombewa mke. Siku hiyo yeye ni mzigo, hubebwa, hasemi.

"Wakubwa zetu," Malachie akaanza, "tuliona mutungi wa maji safi mu kiwanja yenu..."

"Mutungi ile ilisomeshwa sana, bei imepanda!" shangazi mmoja wa Léa akadakia, na pande zote mbili zikacheka.

"Tutapanda nayo, Mama, tuna miguu." Malachie akacheka nao, kisha akanyanyua kibuyu kwa mikono miwili. "Hatukuje na mikono mitupu. Huyu mutoto wetu munamujua. Siku ya kilio, wakati mji wote ulikuwa giza, ni nani aliwasha nyumba hii?"

"Ni yeye!" wakaitikia. Tata Ngoie, mkulima mpana wa mabega, akanyoosha mikono kupokea kibuyu, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Amédée akasimama.

"Kaa chini!" Malachie akamfokea bila kugeuka. "Weye iko na wazimu?"

"Samahani, baba mdogo. Tata Ngoie, usipokee bado."

Mikono ya mzee ikabaki hewani. Mama mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba huyu kijana amelewa kabla ya pombe kufunguliwa. Hakuna aliyecheka. Amédée akasimulia yote, akiwa amesimama, kofia mkononi, kwa maneno yale yale aliyomwambia Léa. Hakumtaja Léa. Alipofika kwenye kichupa nambari kumi na tisa, sauti ilimkatika, akaanza tena sentensi hiyo tangu mwanzo.

Alipomaliza, Malachie alikuwa ameshusha kibuyu chini, uso ameuficha kwa kiganja. Mwana wa Kitenge alikuwa amesimama barazani, na kesi ilikuwa yake mwenyewe.

"Profesa anajua?" Tata Ngoie akauliza.

"Barua iko njiani tangu jana, Tata."

"Na Ubelgiji?"

"Umekwisha, nadhani."

Mzee akatazama nyumba ya mama yake, ambayo dirisha lake lilikuwa limepigiliwa mbao tangu kilio.

"Kama ungekuja kuniambia, Tata, iko mafuta lakini ni ya damu ya Nkambo, ningekujibu nini? Ningesema acha. Mama yangu alizaliwa mu giza, angeweza kuzikwa mu giza. Lakini alitaka ile safari." Kisha akaendelea kwa sauti kavu. "Haukuniuliza. Uliona aibu ya mikono mitupu, ukachukua cha mama yangu kumupa mama yangu, na minyi nikakushukuru mbele ya bantu."

"Ndiyo, Tata."

"Kibuyu rudisheni. Sisemi hapana, sisemi ndiyo. Kuko nyumba thelathini na mbili zenye zilitoa damu. Hii ya kwanza umemaliza. Zingine utapita kwa miguu, utasema namna hii hii, umesimama. Mwenye kukubali kuchomwa sindano tena, umuchome. Mwenye kukutukana, usikie mupaka mwisho. Kisha urudi hapa. Siku ile nitakuambia kama niko na binti wa kukupa."

"Na binti mwenyewe anasema nini?" shangazi akauliza.

Wote wakageuka. Léa alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono imekunjwa kifuani, macho mekundu.

"Minyi njo nilisema nasimama kwa ajili yake," akajibu. "Kwa hiyo nitaenda naye. Lakini bantu basiseme tunatembea kama bachumba. Nitatembea mbele, yeye nyuma. Nami niko na langu la kuomba samahani."

Walianza siku hiyo hiyo, kwa nyumba ya Tata Wenceslas, aliyekuwa mpiga ngoma wa kanisa na rafiki wa marehemu. Mzee alisikiliza yote akiwa mlangoni. Akauliza jambo moja tu: "Na ya Albertine, haiwezi kurudi?"

"Hapana, Tata. Watu wote naweza kuwaomba tena. Yeye siwezi."

Tata Wenceslas alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Léa kwa upole, "Enda salama, mutoto wangu," akafunga mlango.

Amédée akabaki pale, akiutazama ule mlango. Alitamani Léa amshike mkono, hata ncha ya kidole. Léa hakumshika. Alisimama hatua nne mbele yake njiani, katika manyunyu, mgongo umenyooka, akingoja. Hakuondoka, wala hakugeuka. Na kwa siku ile, hicho ndicho kilichobaki cha mapenzi yao.

"Nyumba ya tatu iko ng'ambo ya kijito," Léa akasema. "Utabisha odi weye. Minyi sibishi."

Basi ninyi vijana, wenye kusoma na wenye kupendana, msikilize, wala msiseme hizi ni habari za wazee. Mkikabidhiwa kitu cha watu, hata tone moja, msikitumie kujipatia sifa, ijapokuwa sifa yenyewe ni ya kutenda wema. Na mkiisha kukosa, semeni siku hiyo hiyo, jua halijatua, kwa kinywa chenu wenyewe. Jina mlilopewa halikuanza nanyi. Mlitunze. Naamuru, siombi.